Hell's Gate ya Naivasha: korongo la maji, si la moto

Wengi wanaoshuka Ol Njorowa, korongo la mbuga ya Hell's Gate katika Kaunti ya Nakuru, huambiwa kwamba ardhi ilipasuliwa na tetemeko kisha moto ukatokea. Jina lenyewe, yaani Lango la Jehanamu, linaichochea hadithi hiyo. Ukweli ni kwamba huu ulikuwa mfereji wa ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita, mvua ilipokuwa nyingi kuliko sasa, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kirefu mno. Likifurika, maji yalimwagikia kusini, yakala majivu ya volkano yaliyogandamana na kuacha kuta tunazozipita leo. Mwamba mgumu ulikataa kuliwa. Ndiyo maana Mnara wa Fischer, wenye urefu wa mita 25 hivi, umesimama peke yake uwandani.

Siku hizi ziwa halina mto wa kulitoa maji, na kuna wanaoshangaa mbona si la chumvi kama Nakuru au Elmenteita. Maji yake bado yanatoka na kuondoka na chumvi, ila kwa chini kwa chini.

Na ule "moshi" wa Olkaria, penye mitambo ya umeme? Ni mvuke. Maji huzama ardhini, hupashwa na miamba ya moto, kisha hupanda kupitia nyufa au visima vilivyochimbwa hata zaidi ya kilomita moja. Anayesema volkano hapa ilikufa zamani za kale hajapita kwenye lava ya Ololbutot, ambayo umri wake ni karne chache tu.

Lawama kwamba mitambo ya umeme iliivamia mbuga ina kasoro ya tarehe. Olkaria ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, mbuga ikatangazwa 1984. Upanuzi wa baadaye ni kisa kingine: mwaka 2014 vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishwa kuipisha Olkaria IV. Wala haikuwa mara yao ya kwanza kuondoka. Wavumbuzi wa Kizungu Fischer na Thomson walipopita 1883 na kuacha jina la Kiingereza, nchi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mkataba wa 1904 na serikali ya kikoloni ya Waingereza ndio uliowatoa pande za Naivasha ili walowezi wapate mashamba. Hapakuwa pori tupu.

Lango la Elsa nalo huwachanganya watu. Simba Elsa hakuishi hapa, alizikwa Meru. Jirani wa mbuga hii alikuwa Joy Adamson, aliyemlea. Na ingawa unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli, usidhani hakuna mnyama wa kutisha. Nyati wapo. Ukimwona mmoja peke yake kwenye vichaka vya leleshwa, rudi nyuma taratibu.

Dhana iliyoua watu ni hii: jua likiwaka, korongo ni salama. Mvua si lazima ikunyeshee wewe. Ikinyesha kwenye miinuko ya juu, maji hukusanyika na kuingia sehemu ambazo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Hayana pa kutandaa, basi hupanda kwa dakika chache. Mwaka 2012 vijana saba walifia humo, na mwaka 2019 watu saba tena.

Kwa hiyo uliza langoni kwanza kama korongo limefunguliwa, kisha shuka asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi huja alasiri. Kabla ya kushuka, mwambie mwelekezi akuonyeshe kila njia ya kupandia juu. Wingu zito likionekana upande wowote, ahirisha. Ukiwa chini, tazama kijito: kikibadilika rangi na kuwa cha tope, kikileta majani na vijiti, au ukisikia mngurumo, panda papo hapo. Usikimbie kufuata mkondo, maji yatakushinda mbio. Usirudie begi wala simu.

Vaa viatu vyenye meno, kwani mwamba uliolowa huteleza kama sabuni. Usiyapime kwa kiganja maji yanayochuruzika ukutani: mengine yametoka kwenye chemchemi za moto na yanababua. Na ukija kwa baiskeli, chukua angalau lita mbili za maji. Kutoka lango la Elsa hadi korongoni ni kilomita saba hivi, kivuli ni haba, na bado una safari ya kurudi.