Jiki haiondoi jiwe la bia

"Nimeloweka kegi (lile pipa la chuma la bia) kwenye jiki usiku kucha, mbona bado ina ukoko?" Jamani, swali hili limenichosha. Jiki inaua vijidudu inavyovifikia, basi. Haibandui uchafu. Ikikutana na mabaki ya hamira na kimea nguvu zake zinaishia hapohapo, na bakteria waliojibanza chini ya ukoko wanaendelea na maisha. Tena ukiiacha kwa saa nyingi inaila stenlesi vitundu vidogo vidogo, na hivyo havisuguliki.

Ukoko huo mweupe wenye ukahawia, unaokwaruza ukipitisha kidole, ni jiwe la bia: kalsiamu oksaleti iliyogandamana na protini. Kalsiamu imetoka kwenye maji, oksaleti kwenye kimea. Watu wanauchanganya na ukoko wa birika la chai, ambao ni kalsiamu kaboneti. Dondoshea siki uone: ule wa birika unatoa povu, jiwe la bia linakutazama tu. Kwa hiyo siki mnayoisifia kila siku kwa kusafishia kegi haifui dafu. Na nyie mnaochanganya siki na magadi soda halafu mnashangilia povu, asidi na alkali zimeshamalizana, mmebaki na maji ya chumvichumvi.

Anza na protini. Fungua koki, toa washa na mipira yote. Maji ya nyuzi 60, sodiamu perkaboneti (unga wa alkali unaotoa oksijeni) gramu 8 kwa lita, loweka hadi kesho yake. Usifunge kifuniko: inatoa oksijeni, presha itajaa. Suuza.

Sasa asidi. Bora ni ya fosforasi, ile wanayosafishia mashine za kukamulia maziwa. Fuata vipimo vya kwenye lebo. Ukiikosa, unga wa ndimu (asidi ya sitriki) gramu 20 kwa lita ya maji ya moto, nusu saa, mwaga, rudia. Unafanya kazi, ila kwa kujivuta. Glavu na miwani vaa. Jiki ifungie kabatini kabisa, maana ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini.

Vitabu vinasema alkali kwanza, na mimi nimefuata hivyo hapo juu, lakini sina imani navyo sana. Jiwe likiwa nene, kuanza na asidi, kisha alkali, kisha asidi tena mara nyingi hulilegeza upesi zaidi.

Sufuria za alumini ni habari nyingine. Kostiki soda usiipeleke huko: inaila alumini na kutoa haidrojeni. Hata perkaboneti ikilala humo inaitia weusi. Ule ukijivu wa ndani uacheni, ndio kinga yake. Mnausugua mpaka sufuria ing'ae kama ya kuoneshea wageni, halafu mnalalamika bia ina ladha ya bati.

Ndoo ya plastiki iliyosuguliwa kwa stilwaya haina dawa. Ipeleke ikafulie nguo, na mpira wa kuhamishia bia uliobadilika rangi utupe.