Somo la uhuru wa maoni si darasa la matusi
Hapa Mtwara, ukitaja chuo kufundisha uhuru wa kujieleza, wapo wanaosikia "vijana wanafundishwa kutukana wakubwa". Dhana hiyo ni ya siku nyingi, na haina mashiko.

Anayeongoza uandaaji wa mtaala wa somo hili chuoni ana pa kuanzia: Katiba. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 30 inaweka mipaka. Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, kwa hiyo si kitu kilicholetwa juzi na wafadhili.

Kazi kubwa iko kwenye mifano, na Mtwara inao wa kwake: mgogoro wa gesi wa 2013. Kupinga bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam ni maoni, uyakubali usiyakubali. Kuchoma nyumba ya mtu ni jinai. Mwanafunzi apimwe kwa kutenganisha hayo mawili kwa hoja, pengine akitetea upande asioupenda (hapo ndipo wengi hutoka jasho). Matusi hayana alama.

Tena programu ya shahada haianzi kufundishwa kienyeji. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huipitia na kuiidhinisha kwanza.