Je, wajua kwa nini kurusha mguu mbali mbele kunakupunguzia kasi?

Jumamosi asubuhi, simama kando ya njia za udongo mwekundu za Msitu wa Karura, Nairobi, usikilize. Mkimbiaji mzoefu hupita na mchakacho mwepesi wa raba, basi. Anayeanza utamsikia kabla hujamwona: pa! pa! pa!, utadhani mtu anatwanga.

Kishindo hicho ni cha kisigino kinachotua mbali mbele ya mwili, goti likiwa limenyooka. Mwenyewe anadhani anafanya la maana. Kasi ni urefu wa hatua mara idadi ya hatua kwa dakika, kwa hiyo akitaka mbio anarefusha hatua. Tatizo ni kwamba mguu unaotua mbele ya nyonga huusukuma mwili nyuma kwanza. Kila hatua inakuwa breki. Ni kama matatu ya Thika Road ambayo dereva anakanyaga mafuta na breki kwa zamu: abiria wanarushwarushwa, mafuta yanaisha, na mjini haifiki mapema. Breki yenyewe inalipiwa na ugoko na goti.

Lakini mabingwa si wana hatua ndefu? Wanazo, tena mno. Marehemu Kelvin Kiptum alimaliza marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, yaani karibu mita 350 kila dakika. Tukimkadiria hatua 185 kwa dakika, kila hatua ni kama mita 1.9. Anayeanza, akienda kilomita 8 kwa saa kwa hatua 160, anapata sentimita 83. Tazama kinachotofautiana: idadi ya hatua imepishana kidogo tu, urefu umezidi maradufu. Urefu huo umetoka hewani. Bingwa huisukuma ardhi kwa nyuma, kisha mwili unasafiri miguu yote miwili ikiwa juu, na mguu unatua karibu kabisa na chini ya nyonga. Hatua ndefu kwake huja yenyewe, kwa nguvu za makalio, mashavu ya miguu na kano za kisigino zilizojengwa kwa miaka. Hanyooshi mguu kuitafuta.

Pengine umeambiwa lazima upige hatua 180 kwa dakika. Namba hiyo ilienea kupitia kocha Mmarekani Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wanariadha kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 na kukuta karibu wote wako 180 au zaidi. Ila wale walikuwa mashindanoni, wakikimbia kwa kasi ya mashindano. Mtu mrefu anayejikongoja Jumamosi na hatua zake 165 hana kosa, na mimi saa ya mkononi inayomlilia kwa hilo ningeizima.

Afadhali uanzie kwako. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 40, una hatua 160. Jaribu 42, yaani 168, kwa dakika moja moja, bila kuongeza kasi. Hatua zitafupika zenyewe, na nyongeza ndogo kama hiyo tayari hupunguza mzigo wa goti. Mikono isaidie: kunja viwiko, vipeleke mbele na nyuma, maana mkono ukiharakisha mguu hufuata.

Usijipime na binamu yako wa Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwendo uleule huku unakutoa pumzi zaidi. Ukishindwa kumaliza sentensi moja, punguza.

Na ukikosa kocha, tafuta kilima cha wastani. Karura ipo miteremko ya kutosha kuelekea mtoni. Ukipanda huwezi kurusha mguu mbali, kilima kitakukatalia. Hatua zinafupika, mguu unatua chini yako, kishindo kinakwisha. Ukifika tambarare, endelea na hatua zilezile mpaka zikuponyoke, kisha rudi chini upande tena.