Maswali na Majibu: Zungumzeni Kuhusu Kifo Kabla Mgonjwa Hajakata Kauli

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wenye maradhi yasiyopona. Maswali haya huulizwa kila ninapowaalika watu kwenye mikusanyiko ya kuzungumzia kifo, na wengine huniuliza kwa sauti ya kunigombeza. Nayajibu kwa sababu kila mara napokea mgonjwa asiyeweza tena kusema, aliyeletwa na familia ambayo haikuwahi kumuuliza lolote.

Mikusanyiko yenyewe ni nini?

Watu hukaa pamoja kwa saa moja au mbili, wakanywa chai, wakala keki, wakazungumza kuhusu kifo bila kuzungukazunguka. Hakuna mhadhara. Hakuna anayekuja kukuuzia bima wala jeneza, na hakuna anayekuvuta ukubali imani yake. Yanayosemwa pale hubaki pale. Mwanasosholojia wa Uswisi, Bernard Crettaz, alianza kuandaa mazungumzo ya namna hii mwaka 2004. Mwaka 2011 Jon Underwood aliyafanya nyumbani kwake London, akayaita Death Cafe, na baadaye akaandika mwongozo ambao mtu yeyote anaweza kuufuata. Ndipo yakaenea katika nchi nyingi.

Kuzungumzia kifo si kujiletea uchuro?

Hapana. Ugonjwa hauna masikio. Saratani haiongezi kasi kwa kuwa umeitaja sebuleni, na figo iliyochoka haipumziki kwa kuwa mmenyamaza. Ninachokiona mimi ni madhara ya ukimya. Watu wazima, wenye elimu na kazi zao, wanaacha kumuuliza baba yao swali moja la maana kwa miaka mitatu ya ugonjwa, eti wasimchurie. Kisha usiku mmoja wanalazimika kulijibu wao, kwa niaba yake, ndani ya dakika kumi.

Mgonjwa akisikia habari za kifo si atakata tamaa?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa wa saratani iliyoenea. Waliozungumza na madaktari wao kuhusu mwisho wa maisha hawakuonekana kuwa na sonona wala wasiwasi zaidi ya wale ambao hawakuzungumza. Katika wiki yao ya mwisho walifungwa mashine ya kupumulia mara chache zaidi. Wagonjwa waliosukumiwa matibabu mazito siku za mwisho ndio walioishi siku hizo kwa tabu, na ndugu waliowauguza nao wakabaki na huzuni nzito zaidi.

Wodini kinachomvunja moyo mgonjwa ni kuona wanawe wakinyamaza ghafla anapofungua macho. Mama mmoja alinishika mkono usiku, wageni wote walipokwisha kuondoka, akaniambia kwa sauti ya chini: "Muuguzi, watoto wangu wanadhani sijui." Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alinyamaza ili kuwalinda wao, nao walinyamaza ili kumlinda yeye, na hapo katikati pakapotea miezi ya kuagana.

Kwa hiyo tusimfiche ugonjwa wake?

Msimfiche. Tafadhali. Mwili ni wake na anausikia. Msinikonyeze mlangoni nimwambie ni vidonda vya tumbo. Kama mgonjwa mwenyewe amesema hataki kuelezwa kila kitu, hilo tunaliheshimu, lakini aulizwe yeye. Ndugu hawana haki ya kumkatia shauri wakati bado ana akili zake timamu.

Wakati mzuri wa kuanza ni upi? Tukisubiri hali ibadilike je?

Mkisubiri mtakuwa mmechelewa. Narudia: mkisubiri hali ibadilike mtakuwa mmechelewa. Kiharusi kinaweza kuchukua maneno asubuhi moja. Ugonjwa wa kusahau hula uwezo wa kuamua taratibu, na familia hugundua pale mzee ameshaanza kuchanganya majina ya wanawe. Mgonjwa akiwekewa mashine ya kupumulia, mpira hupita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa kupitia katikati ya nyuzi za sauti, na mara nyingi hupewa dawa ya usingizi ili auvumilie. Hapo hata akitaka kusema hawezi.

Nimesimama kwenye korido hiyo. Daktari anauliza, "Mgonjwa mwenyewe angependa nini?" Kaka anamtazama dada. Dada anatazama simu, anampigia mdogo wao aliye mbali, anaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Mdogo analia, anasema afanyiwe kila kitu. Dada anasema amechoka kumwona anachomwachomwa. Wanaanza kutupiana maneno, na mtu pekee mwenye jibu amelala mita chache kutoka hapo, ameshakata kauli.

Wala msiseme "sisi bado vijana, wazima". Underwood niliyemtaja alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 44, kwa saratani ya damu ambayo haikuwa imegunduliwa.

Tunazungumza nini hasa?

Wengi hukimbilia wosia wa mali. Mali ina wanasheria wake; mimi nataka mzungumze habari za mwili na siku za mwisho. Nani atasema kwa niaba yangu nikishindwa? Moyo wangu ukisimama, nataka ushtuliwe kwa kila njia, au niachwe niende kwa amani? Nifie nyumbani au hospitali? Kitu gani kikiniondoka naona maisha yangu hayana tena ladha: kula kwa mdomo, kuwatambua watu wangu, kuamka kitandani? Ninaogopa nini? Swali hili la mwisho hupata majibu ambayo hatukuyatarajia. Wapo wasioogopa kufa hata kidogo, wanachoogopa ni maumivu, na maumivu tunayo dawa yake.

Mkishapata majibu yaandikeni, mwelezeni daktari, na kila ndugu ajue. Neno alilonong'onezwa mtoto mmoja pekee huleta ugomvi. Na mtu akibadilisha mawazo mwaka ujao, mnaandika upya.

Tiba shufaa si ya watu walioachwa wafe?

Hapana, na imani hii inatesa watu. Tiba shufaa ni kutuliza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, na inaweza kwenda sambamba na matibabu mengine tangu ugonjwa mkubwa unapogunduliwa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyoenea walioanzishiwa huduma hii mapema waliishi vizuri zaidi, na pia waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa kadirio la kati, dhidi ya 8.9 kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake.

Na mofini? Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikitolewa kwa kipimo kinachofuata maumivu haiui. Ndugu wanaoficha chupa kabatini kwa sababu "akiinywa ndiyo mwisho" wanamwacha mtu wao ang'ate shuka usiku kucha. Acheni.

Watoto wahusishwe?

Ndiyo, kwa maneno mafupi na ya kweli. Mwambie "babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi". Usimwambie "amelala", maana ataogopa kulala.

Nani asiende kwenye mkusanyiko huu?

Aliyefiwa juzi na bado hawezi kusimama huenda asipate pale anachohitaji. Hiyo si huduma ya ushauri nasaha. Na anayewaza kujiua asingoje mkusanyiko wowote. Aonane na mhudumu wa afya leo, na asiachwe peke yake. Ukimshuku ndugu yako, muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Nimehudhuria, nikafunguka, nikajisikia mwepesi. Inatosha?

Haitoshi. Watu wanamwaga moyo wao mbele ya wageni, kisha wanarudi nyumbani na kunyamaza kama zamani. Wageni wale hawataitwa hospitalini siku yako ikifika. Wataitwa mkeo, mumeo, wanao. Kama hao hawajui unachotaka, hujafanya kitu.

Na mzee akikataa kabisa kuzungumza?

Usimlazimishe, na usigeuze chumba chake kuwa baraza. Anza na habari zako mwenyewe: "Mama, mimi nikizidiwa nisiweze kusema, ningependa dada anisemee. Wewe je, ungependa nani?" Akikwambia tuliache, liache, urudi wiki nyingine. Akitaja jina tu, umepata jambo kubwa. Liandike, mwite aliyetajwa amsikie mwenyewe kwa masikio yake, na kliniki ijayo mwambie daktari aliweke kwenye faili.