Tremolo ya kufuli: maana yake, na kuiboresha ni kuboresha nini

Tremolo ya kufuli ni daraja la gita la umeme linalozibana nyuzi katika ncha zote mbili, kwenye kizingiti kilicho karibu na kichwa cha gita na kwenye daraja lenyewe, ili mpigaji aweze kuusukuma mkono wa daraja, azilegeze nyuzi mpaka zining'inie, kisha auachilie na kila uzi urudi kwenye sauti yake. Wapiga gita wengi hapa Nairobi huiita tu Floyd Rose, kwa jina la Mmarekani aliyeibuni katika miaka ya 1970 na kupata hataza yake mwaka 1979, hata pale daraja wanalolizungumzia lilipotengenezwa na kampuni nyingine kwa leseni. Jina tremolo lenyewe lina kasoro ya zamani: katika muziki, tremolo ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, ilhali mkono huu hupandisha na kushusha noti, jambo ambalo jina lake halisi ni vibrato. Leo Fender ndiye aliyeliita daraja la gita lake la Stratocaster tremolo mwaka 1954, na jina likaganda.

Ili kuelewa kufuli inafanya kazi gani, ni lazima kwanza kuelewa kwa nini gita la kawaida hupoteza sauti. Uzi hutoka kwenye daraja, hupita katika mfereji mwembamba uliochongwa kwenye kizingiti, kisha huzungushwa mara mbili au tatu kwenye kigingi cha kukazia. Mkono unapousukuma chini, uzi hulegea, mizunguko ile hulegea nayo kidogo, na uzi husogea ndani ya mfereji. Mkono unaporudi, msuguano huzuia sehemu ya uzi isirudi ilikotoka, na noti hutoka ikiwa imepinda kwa kiasi ambacho sikio la mwimbaji hulisikia mara moja. Kufuli ya kizingiti huvifuta vigingi na mfereji katika hesabu hiyo, kwa kuwa uzi umebanwa kabla ya kuvifikia. Kwa sababu vigingi havina kazi tena baada ya kufunga, daraja hubeba skrubu ndogo sita za kurekebishia sauti, moja kwa kila uzi.

Hata hivyo msuguano haujaisha. Umehamia mahali pamoja tu, nao ndio moyo wa jambo hili. Daraja halikupigiliwa kwenye ubao wa gita. Limeegemea nguzo mbili za chuma kwa makali mawili yaliyonolewa kama ya kisu, na linaelea kati ya nguvu mbili: mbele linavutwa na nyuzi, ambazo kwa seti ya kawaida ya 10 hadi 46 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) huvuta kwa jumla uzito unaokaribia kilo 46, na nyuma linavutwa na springi tatu, nne au tano zilizofichwa katika shimo la mgongoni mwa gita. Aliyewahi kuona mizani ya mawe sokoni, ile ya mkono mmoja juu na sahani mbili, ameshaona kanuni hii. Mkono wa mizani hulala juu ya makali ya chuma, na makali yakiwa butu, sahani husimama mahali tofauti kila zinapotikiswa, hata kama unga ni uleule na jiwe ni lilelile. Tremolo ya kufuli ni mizani ya namna hiyo, na kazi yake yote ni kurudi palepale.

Kwa hiyo mtu anapouliza namna ya kuboresha tremolo yake, mimi humwomba kwanza aangalie makali, kabla ya kutaja rangi, springi au chochote kinachong'aa. Gita langu la kwanza la aina hii lilikuwa la mtumba, nililolinunua katikati ya jiji nikiambiwa kwamba daraja lake ni orijino. Baada ya miaka miwili ya ibada za Jumapili na mazoezi ya katikati ya wiki, lilikuwa halikai sawa hata wimbo mmoja. Nilitoa nyuzi, nikalinyanyua daraja, nikayamulika makali kwa tochi ya simu: upande wa nyuzi nene kulikuwa na kibonyeo kidogo, chenye upana wa punje ya mtama, na nilipopitisha ukucha juu yake ulikwama. Nguzo ya upande huo nayo ilikuwa imekatwa mstari mahali makali yalipokuwa yakiegemea. Madaraja mengi ya leseni ya bei ya chini hutengenezwa kwa aloi laini ya zinki, wakati daraja la Floyd Rose orijino hutumia feleji iliyotiwa ugumu, na tofauti hiyo, isiyoonekana chini ya rangi nyeusi au kromu, ndiyo inayoamua daraja litaishi muda gani.

Fundi anaweza kuyapiga tupa makali yaliyochakaa, na nimeona ikifanyika vizuri, lakini aloi laini itabonyea tena baada ya muda mfupi, na tupa ikila upande mmoja zaidi daraja hukaa limepinda. Ikiwa makali yamekufa, uboreshaji wa kweli ni kubadilisha daraja zima, au angalau bati lake la chini, pamoja na nguzo zake mbili, kwa sababu makali mapya juu ya nguzo iliyochimbika yataharibika haraka. Yeyote aliye na daraja zima bado na ajiepushe na kosa moja linalofanywa kila siku: kuzungusha nguzo ili kupandisha nyuzi wakati nyuzi zimekazwa. Chuma husaga chuma chini ya mvuto wote ule, na makali hukatika kwa mizunguko michache.

Kinachofuata kwa umuhimu ni bloku, kipande kizito cha chuma kilichofungwa chini ya daraja na kushuka ndani ya mwili wa gita, ambacho springi hujishika kwake. Kwenye madaraja ya bei ya chini bloku pia huwa ya zinki, na wengi huibadilisha kwa brasi, ile shaba ya manjano inayotengenezea koki za mifereji. Zinki ina uzito wa takriban gramu 7.1 kwa kila sentimita ya ujazo, na brasi takriban 8.5, wapigaji husema uzito huo wa ziada huifanya noti idumu zaidi na kuipa sauti unene. Nami nimeusikia utofauti huo, ingawa ni mdogo kuliko wauzaji wanavyodai, na hauwezi kuponya daraja lisilorudi mahali pake. Bloku yangu ilikatwa na fundi wa jua kali kule Kamukunji kutoka kwenye kipande cha brasi, akiifuatisha ile ya zamani tundu kwa tundu. Alichonisisitizia ni kina: bloku ndefu kupita shimo la gita hugonga kifuniko cha mgongoni, na fupi mno hubadilisha pembe ya springi. Ndiyo sababu zile za dukani huuzwa kwa urefu tofauti, kama milimita 32, 37 na 42.

Kizingiti cha kufuli hakisumbui sana. Vibano vyake vitatu, kila kimoja kwa nyuzi mbili, huchimbika kadiri miaka inavyopita, na hubadilishwa kwa bei nafuu mradi upana uwe sahihi: kile cha alama R2 kina takriban milimita 41, na R3 takriban 43. Ikiwa nyuzi hupanda sauti kila unapokaza vibano, usikilaumu kizingiti. Shusha kile kipande cha chuma kilicho nyuma yake, kinachozilaza nyuzi, mpaka zilale bapa kabla ya kufungwa.

Jambo lililowapotezea wenzangu fedha nyingi zaidi ni kuagiza daraja jipya kutoka ng'ambo bila kupima. Umbali kati ya nguzo mbili kwenye Floyd Rose orijino ni takriban milimita 74, lakini madaraja mengi ya leseni yana vipimo vyake, na milimita moja pekee inatosha kuyafanya makali yakae vibaya au yasikae kabisa. Pima kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine, kisha pima kina cha shimo la nyuma, ndipo ulipie.

Mpiga gita wa benga au rumba, ambaye vidole vyake havina haja ya mkono huu, ana njia nyingine ninayoiheshimu: kukata kipande cha mbao ngumu na kukibana kati ya bloku na ukuta wa shimo ili daraja lisielee tena. Uzi mmoja ukikatika katikati ya ibada, zile nyuzi tano nyingine hazitapanda sauti zote kwa pamoja, kama inavyotokea kwenye daraja linaloelea.

Baada ya kufunga daraja jipya, ziache nyuzi zinyooke siku moja, kisha kaza au legeza skrubu mbili za kucha, kile kipande cha chuma kinachoshika springi ndani ya shimo la mgongoni, mpaka bati la daraja lilale sambamba na mwili wa gita. Washa kipima sauti. Sukuma mkono mpaka chini, uachilie, usome. Kisha uvute juu, uachilie, usome tena. Ikiwa noti hubaki chini baada ya kusukuma na hubaki juu baada ya kuvuta, bado kuna msuguano kwenye makali au nguzo. Ikiwa inarudi mahali pamoja mara zote mbili, hata kama mahali hapo pamekosea kidogo, daraja ni zima, na kilichobaki ni kuzungusha zile skrubu ndogo sita kwa ncha za vidole.