Daktari akifungua mwongozo mbele yako

Dhana: Daktari anayesoma kitabu mbele ya mgonjwa hajui kazi.

Maneno haya husikika sana kwenye mabenchi ya zahanati zetu, kuanzia Newala hadi Kilwa, na yananiuma. Kitabu anachofungua ni Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, nao hubadilika kadiri utafiti unavyoleta majibu mapya. Chukua malaria kali. Kwa miaka mingi mtoto aliyezidiwa alitundikiwa dripu ya kwinini. Kisha watafiti wakailinganisha na sindano ya artesuneti kwa watoto zaidi ya 5,400 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Matokeo yalitoka 2010: waliotibiwa kwa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100, wa artesuneti, kati ya 8 na 9. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto nao wapewe artesuneti. Mganga aliyeng'ang'ania alichofundishwa chuoni miaka ya tisini angeendelea kutundika kwinini, na watoto ambao wangepona wangezikwa.

Dhana: Kipimo cha malaria kimekataa, lakini homa ninayo, basi nipewe mseto (dawa ya malaria).

Mtwara na Lindi malaria ipo kweli, na ndiyo maana kila homa tunaiita malaria. Lakini homa huletwa pia na nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo. Mwenye nimonia akimeza mseto siku tatu, mapafu yanazidi kuharibika huku nyumbani wakisubiri dawa ifanye kazi.

Dhana: Mtoto anaharisha, wametoa ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki tu. Wanabana dawa.

Kuharisha maji kwa watoto mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kinachoua ni kupungukiwa maji. Zinki itolewe siku 10 hadi 14, hata choo kikishakuwa kizuri (akina mama wengi huiacha hapo). Kinyesi kikiwa na damu, mwongozo huo huo ndio unaoagiza antibayotiki.

Dhana: Mwongozo unamfunga daktari mikono.

Haumfungi. Bibi wa Mikindani mwenye figo dhaifu hapewi antibayotiki ya jentamisini kwa kipimo cha kijana mzima wa afya; daktari hupunguza dozi au hubadili dawa, na sababu anaiandika kwenye faili. Bibi, au mjukuu aliyemleta, ana haki ya kuiuliza.