Bawa linapoacha kubeba: kazi yangu kwenye erodainamiki ya kompyuta

Nikitaja ninachosomea, yaani kuhesabu kwa kompyuta jinsi hewa inavyopita kwenye bawa, watu huomba picha zenye rangi. Zipo, na zinapendeza. Ila kompyuta haikatai kuchora hata hesabu ikiwa mbovu.

Utafiti wangu wa uzamili unahusu stoli. Ukizidi kulipandisha bawa pua dhidi ya upepo, nguvu ya kuinua huongezeka hadi kilele, kisha huporomoka. Naanzia na NACA 0012, bawa lenye umbo sawa juu na chini, kwa sababu limepimwa miaka mingi kwenye mahandaki ya upepo, na kituo cha utafiti cha NASA Langley kimeweka wazi vipimo pamoja na majibu ya programu mbalimbali. Kwa namba ya Reynolds (inayounganisha kasi, ukubwa wa bawa na unato wa hewa) ya milioni 6 na pembe ya digrii 10, CL yangu, yaani namba ya nguvu ya kuinua, isipokaribia 1.09, narudi kwenye meshi, ule mtandao wa visanduku vidogo ambamo kompyuta huihesabu hewa.

Meshi ndiyo inayokula muda. Hewa inayogusa bawa haisogei kabisa. Juu yake kidogo tu tayari inakimbia. Kwa bawa la mita 1, kisanduku cha kwanza kinapaswa kuwa na kimo cha mikroni kama 4 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Ukikinenepesha ovyo, namba ya mburuto, nguvu ya hewa inayolivuta bawa nyuma, inapotoka na programu hailalamiki.

Msukosuko wa hewa siufuati kisulisuli kwa kisulisuli. Hiyo ingehitaji mashine ambayo hakuna chuo kinachoweza kunipa. Natumia modeli za wastani, zinazokadiria athari ya msukosuko kwa jumla: Spalart-Allmaras ya 1992 na SST ya Menter ya 1994. Kwenye digrii 10 zinaelewana na vipimo. Kuelekea kilele, hewa inaanza kubanduka upande wa nyuma, na mara nyingi modeli huchelewa kuliona hilo. Bawa la kompyuta linaendelea kubeba wakati lile la handakini limeshachoka.

Ndiyo maana nimehamia njia ya mseto, DES, iliyopendekezwa 1997: karibu na bawa modeli inabaki, mbali nalo visulisuli vikubwa vinahesabiwa vyenyewe. Hesabu lazima iwe ya pande tatu, kwa hiyo kompyuta ya mezani haitoshi tena, ni foleni ya kompyuta kuu. Na kuna mtego. Ukifanya visanduku vya meshi kuwa vidogo kupita kiasi kandokando ya bawa, modeli inajizima mapema, hewa inabanduka kwa kosa la meshi. Toleo la 2006, DDES, lilitengenezwa kuzuia hilo hasa, na ndilo ninalolitumia.